Usishike Grinda Kwanza: Kutafuta Chanzo cha Kasoro za Uso kwenye Stenlesi Iliyofuliwa

Kipande kimetoka kwenye nyundo, kimepoa, kimetolewa magamba yaliyoota kwenye moto. Unakigeuzageuza penye mwanga wa dirisha, unaona mstari. Kabla akili haijasema lolote, mkono umeshafika kwenye grinda. Baada ya dakika mbili mstari haupo na kipande kinameremeta. Umefuta kasoro, na umefuta pia alama zote ambazo zingekuonyesha ilikotoka. Kesho itatoka nyingine, palepale.

Kuna baya zaidi ya hilo. Stenlesi kama 304 ni chuma kinachoburutika. Diski ya grinda huuvuta uso wake mpaka ukafunika mdomo wa ufa. Macho hayaoni kitu, rangi ya kupimia nyufa haina pa kuingilia, na ufa umelala chini ukisubiri presha ya pampu. Nimeshuhudia flanji "iliyosafishwa" ikivuja siku ya kwanza ya majaribio, na tulipoikata tukakuta ufa mzima mzima chini ya uso uliong'arishwa vizuri kabisa.

Mwongozo huu ni wa karakana inayofua stenlesi kwa nyundo ya mashine, kwa presi, au kwa mkono juu ya fuawe. (Kufua kwa mhunzi, si kwa dobi.) Nitazitaja zaidi gredi ambazo mafundi wetu hukutana nazo: 304 na 316, ambazo zikifuliwa na kupozwa vizuri hazishiki sumaku, na 420, ya visu na shafti, ambayo hushika sumaku na hugumishwa kwa moto.

Aliyezoea chuma cha kawaida ajue mambo matatu kabla ya kuanza. Stenlesi ya aina ya 304 hupitisha joto kwa takriban theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo uso unaweza kuwa umeiva na moyo bado mbichi. Pili, hata ikiwa na moto ni ngumu kuliko chuma cha kawaida chenye moto uleule, hivyo inataka nyundo nzito. Tatu, dirisha la joto la kuifulia ni jembamba. Ukitoka juu yake inararuka, ukitoka chini yake inapasuka.

Hatua ya 1: Soma kasoro kabla ya kuigusa

Futa mafuta kwa asetoni na kitambaa safi. Usitumie brashi ya waya wa chuma cha kawaida. Sababu utaiona mbele. Zungushia kasoro alama ya kalamu, piga picha ukiweka rula pembeni, kisha jibu maswali haya kwenye daftari, si kichwani.

Iko wapi? Kwenye kona, kwenye uso bapa, kwenye mstari wa maungio ya kalibu, au imezagaa kote? Imeelekea wapi: kwa urefu wa nondo ya mwanzo, au kukingama? Ina umbo gani: mstari mmoja ulionyooka, mstari unaopinda kama ulimi, wavu wa nyufa ndogo, au mashimo? Na je, vipande vingine vya kundi hilo vinayo mahali hapohapo?

Swali la mwisho pekee linaweza kukuokolea siku nzima. Kasoro inayojirudia mahali pamoja kwenye kila kipande imeletwa na kalibu au na namna ya kupiga. Inayotokea kwenye vipande vya nondo moja na kukosekana kwenye vya nondo nyingine imekuja na chuma chenyewe. Iliyovipata vyote vilivyoingia tanurini asubuhi na kuviacha vya mchana, kaulize tanuri.

Sasa toa kipande kimoja kiwe mhanga. Kikate kwa msumeno kutokea nyuma mpaka ukaribie ufa, kibane kwenye jiliwa, kivunje ili ufa ufunguke, halafu tazama rangi ya kuta zake. Kuta nyeusi au za kijivu zenye magamba zinasema ufa ulikuwa wazi wakati chuma kina moto mkali. Kuta zenye rangi ya majani makavu au bluu zinasema ulifunguka wakati joto linashuka. Kuta zinazong'aa kama chuma kilichovunjwa sasa hivi zinasema ulipasuka baada ya kupoa. Hapo umeshaondoa nusu ya washukiwa. Angalizo ni kwamba kipande kikirudishwa tanurini baada ya kufuliwa, hata ufa wa baridi utaota weusi, na kikizamishwa kwenye asidi, hata ufa wa moto unaweza kusafishika. Kwa hiyo kipande cha mhanga kichukuliwe mapema, kabla ya hatua hizo.

Hatua ya 2: Hakikisha chuma ni kile unachodhani

Mstari ulionyooka unaofuata urefu wa nondo, unaoanza kwenye kipande na kuendelea kana kwamba umechorwa kwa rula, mara nyingi haukuletwa na nyundo. Ni mshono uliotoka kiwandani wakati nondo inavutwa, ukaja umefungwa kiasi kwamba jicho halioni. Nyundo imeufungua tu.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Kata kipande cha nondo chenye urefu mara mbili ya kipenyo chake, kipashe moto wa kawaida wa kufulia, kisimamishe juu ya fuawe na ukipige kwa wima mpaka kifupike kufika theluthi ya urefu wake. Ubavu unapotanuka, mshono wowote hufunua mdomo. Fanya hivi kwa nondo moja au mbili za kila mzigo mpya kabla ya kuanza kazi. Ni dakika ishirini.

Ncha za vipande nazo zitazamwe. Nondo iliyokatwa kwa mkasi wa mashine huacha ncha iliyoraruka, na mraruko mdogo wa ncha ukibanwa kalibuni huwa ufa wa uso. Kata kwa msumeno, au sugua ncha zilizokatwa kwa mkasi mpaka ziwe laini. Hapa grinda ina kazi halali.

Halafu kuna suala la gredi. Sumaku itakutofautishia 304 na 420, lakini haitakutofautishia 304 na 201, ambayo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi na ambayo imejaa sokoni kwa sababu ni rahisi. Zote mbili haziishiki. Kuna dawa za matone za kupimia manganizi juu ya uso. Chupa moja inafaa kuwepo kwenye karakana. Gredi nyingine ya kuogopa ni 303. Fundi wa leti anaipenda kwa sababu hukatika vizuri na kutoa vinyoleo vifupi, na sababu ya wema huo ni salfa: 303 ina salfa ya asilimia 0.15 au zaidi, wakati 304 haipaswi kuzidi asilimia 0.03. Salfa hiyohiyo inayomfurahisha fundi wa leti ndiyo inayopasua kona chini ya nyundo. Ukiona nondo inapasuka kila kona licha ya moto mzuri, na ulinunua mabaki kutoka karakana ya leti, usiendelee kubadilisha moto. Badilisha nondo.

Nunua chuma chenye cheti cha kiwanda, na namba iliyo kwenye cheti ifanane na iliyogongwa au kuandikwa kwenye nondo. Cheti kisichofanana na nondo ni karatasi tu.

Hatua ya 3: Hoji tanuri

Kama ningeruhusiwa kuandika hatua moja tu, ningeandika hii.

Miaka kadhaa nyuma, karakana niliyokuwa nikifanya kazi ilikuwa ikifua pini za 316 kwa tanuri la gesi. Gesi ikapanda bei. Tukafunga kichomeo cha oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari, pamoja na kipulizo, na tanuri likawaka kuliko hata mwanzo. Pini za chuma cha kawaida zikatoka salama. Za 316 zikaanza kuota wavu wa nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka, na pigo la kwanza tu lilitosha kuzimega kona. Tukapunguza moto, ikawa hivyohivyo. Tukaongeza, ikawa mbaya zaidi. Tukamlaumu muuza nondo.

Kosa halikuwa la muuza nondo. Oili ya injini iliyotumika ina salfa, na salfa ikikutana na nikeli kwenye joto hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 640 za Selsiasi. Fikiria maana yake. Kipande kiko kwenye nyuzi 1,150, na kwenye mipaka ya chembe za chuma (punje ndogo zinazokiunda), pale usoni, kuna utando ulioyeyuka muda mrefu. Chembe hazishikani tena, zimeegemeana tu. Nyundo ikishuka, zinaachana. Chuma cha kawaida hakina nikeli ya kutosha kupata tatizo hilo, ndiyo maana pini zake zilipona na sisi tukapotea njia.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Chukua vipande viwili vya nondo moja. Kimoja kipashwe kwenye tanuri lako, kingine kwenye tanuri la umeme au la gesi safi, joto lilelile, muda uleule, kisha vyote vipigwe sawasawa. Cha pili kikitoka salama, mshukiwa umemkamata.

Dawa ya kweli ni kubadilisha moto: gesi ya kupikia au umeme. Kama huna njia, kitenge kipande na mwali kwa kukifungia ndani ya boksi la chuma linalostahimili joto, au ndani ya bomba nene lililozibwa. Usitumie bomba lililopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na ikigusa stenlesi yenye moto hupenya kwenye mipaka ya chembe na kuipasua. Shaba nyekundu nayo hufanya hivyo ikishayeyuka, kwenye nyuzi 1,085. Kwa hiyo fagia sakafu ya tanuri lililowahi kutumika kwa shaba, na usiache vipande vya mabati humo. Oili ya kukatia kwa msumeno nayo mara nyingi ina salfa. Osha vipande kwa sabuni ya maji na uvikaushe kabla ya kuviingiza.

Na mkaa? Mkaa wa miti una salfa kidogo, tofauti na makaa ya mawe, kwa hiyo wavu wa nyufa si hofu kubwa. Hofu yake ni kaboni. Kipande kilichofukiwa katikati ya mkaa uliokosa hewa ya kutosha hunywa kaboni usoni. Huioni siku hiyo. Utaiona kama madoa ya kutu baada ya wiki chache, kwa sababu kaboni huikamata kromi na kuifanya isiweze tena kuulinda uso. Weka kipande juu ya mwali, si ndani ya mkaa.

Baada ya moshi, tazama joto lenyewe. Kwa 304 na 316, anza kufua kwenye nyuzi kati ya 1,150 na 1,230, na acha kabla haijashuka chini ya nyuzi 925 au hivi. Kwa 420, anza kati ya 1,090 na 1,200 na usifue chini ya 900. Ukiipita nyuzi 1,260 kwa 304, ndani ya chuma huanza kuota sehemu laini za aina nyingine, zisizonyooka sawa na chuma kilichozizunguka, na kona zinararuka. Hata usipofika huko, kuiacha 304 kwenye joto la juu kwa muda mrefu hukuza chembe zake, na uso wake ukivutwa hutoka na vijipele kama ganda la chungwa. Chuma cha kawaida hujirekebisha chembe wakati wa kupoa. 304 haijirekebishi mpaka ipigwe tena. Kwa hiyo nyundo ikiharibika na vipande viko tanurini, vitoe au ushushe moto. Usiviache vikisubiri fundi wa umeme.

420 ina masharti ya kuingia. Usiitupe baridi kwenye tanuri la nyuzi 1,150. Ipandishe polepole mpaka karibu nyuzi 800, iache isawazike uso na moyo, ndipo uiharakishe. Ikiharakishwa tangu mwanzo, uso hutanuka wakati moyo umekataa, na ufa huzaliwa kabla hata nyundo haijaguswa.

Kama huna kipima joto, jifunze rangi, lakini jifunze kivulini. Jua la saa saba huifanya nyuzi 1,000 ionekane kama 800, ndiyo maana banda la mhunzi halitaki jua. Manjano ya kuelekea ndimu ni sehemu ya kuanzia. Rangi ya chungwa inayofifia ni onyo. Kikifika rangi ya damu ya mzee, muda wa kukirudisha tanurini umepita zamani na kila pigo unaloongeza ni ufa unaoununua.

Hatua ya 4: Tazama nyundo, fuawe na kalibu

Kasoro inayozaliwa hapa zaidi kuliko zote ni mkunjo: chuma kimejilalia juu ya chuma kingine bila kuungana. Watu huuita ufa, na kuuita ufa ndiko kunakowapeleka kwenye dawa zisizo zake. Ukikata kipande kukingama na kukisugua kwa msasa, ukimalizia na ule laini, ukakitazama kwa kioo cha kukuzia, tofauti huonekana. Ufa huchimba kuelekea ndani, na ncha yake ni kali. Mkunjo huingia kwa mlalo kama ulimi uliobandikwa, hupinda kufuata njia ambayo chuma kilitiririka, una magamba ndani, na mwisho wake mara nyingi ni butu.

Mkunjo una njia nyingi za kuja. Kwenye kalibu, kona kali ndiyo mama yake: chuma kinapoteremka hakiwezi kuifuata kona, kinairuka, kinajaza upande wa pili, kisha kinarudi nyuma na kujilalia. Ongeza mviringo wa kona. Stenlesi inataka mviringo mkubwa kuliko chuma cha kawaida, na kalibu uliyorithi kutoka kwenye kazi ya chuma cha kawaida karibu hakika itakuletea mikunjo. Njia nyingine ni kipande cha kuanzia kisicho na umbo linalofaa: kinawekwa upande, pigo la kwanza linakikunja ukingo, la pili linaushindilia ndani.

Kwenye fuawe, mkunjo huja unapovuta chuma kwa uso mwembamba wa nyundo na pigo la kina. Urefu wa sehemu unayobana kila pigo usiwe mdogo kuliko kina unachokishusha, vinginevyo kingo mbili za bonde zitaangukiana kwenye pigo linalofuata. Na unapofupisha nondo kwa wima, urefu ulio huru usizidi mara mbili na nusu ya kipenyo. Ukizidi, nondo itapinda badala ya kunenepa, na kwenye pindo hilo ndipo mkunjo utakapolala.

Nyufa za kufua kwa baridi ni rahisi kuzitambua: ziko kwenye kona na kingo, maana hizo ndizo zinazopoa kwanza, na zimekingama mwelekeo chuma kilikovutwa. Mara nyingi anayesababisha si mpigaji bali kalibu baridi, au safari ndefu kutoka tanurini hadi kwenye nyundo. Pasha kalibu na fuawe kufika nyuzi 150 hadi 250 kabla ya kipande cha kwanza. Tone la maji linapaswa kurukaruka na kutoweka, si kutulia. Sogeza tanuri karibu. Na makoleo yasizamishwe kwenye maji kisha yakarudi yanachuruzika juu ya kipande.

Mashimo ya kina kifupi yenye kingo zisizo na mpangilio, yanayopatikana zaidi upande wa chini wa kipande, ni magamba yaliyoshindiliwa. Magamba ya stenlesi ni membamba na yameng'ang'ania, hivyo mafundi huyadharau. Lakini tatizo kubwa mara nyingi si magamba yake yenyewe. Ni magamba mazito ya chuma cha kawaida yaliyobaki kwenye fuawe tangu jana. Hayo yakishindiliwa kwenye stenlesi huacha shimo na huacha kutu. Puliza kalibu kwa hewa baada ya kila kipande, na siku ya stenlesi ianze kwa kufagia kila kitu.

Shimo laini, linalong'aa, la mviringo, kwenye kona ambayo ilitakiwa kujaa, ni jambo tofauti: umepaka kilainisho cha grafiti kupita kiasi, kikatuama chini ya kalibu, kikageuka gesi, gesi ikakataa kutoka. Nyunyiza kidogo, subiri kikauke. Grafiti iliyobaki usoni isafishwe kabla kipande hakijarudi tanurini, kwa sababu ileile ya kaboni niliyoieleza kwenye mkaa.

Hatua ya 5: Ukingo wa ziada

Hapa ni kwa kifupi. Nyufa zilizojipanga kwenye mstari wa maungio ya kalibu, baada tu ya kukata ukingo uliomwagika nje, zinatokana na kisu butu, nafasi isiyo sawa kati ya kisu na kitako, au, kwa 420, kukata ikiwa imeshapoa. 420 ikatwe ikiwa bado na moto. 304 inavumilia kukatwa baridi.

Hatua ya 6: Kupoza, ambako gredi mbili zinataka mambo kinyume

Ukiwapa vijana wa karakana sheria moja ya kupoza, utaharibu nusu ya kazi. 304 na 316 zinataka kupozwa haraka. 420 inataka kupozwa polepole.

420 iliyotupwa sakafuni penye upepo, au mbaya zaidi majini, huwa ngumu kama kioo na hupasuka, wakati mwingine saa kadhaa baadaye. Unafunga karakana jioni vipande vikiwa salama, asubuhi unakuta mstari mmoja ulionyooka, umechimba ndani, na kuta zake zinang'aa. Ifukie kwenye majivu makavu au chokaa kavu, au iache ipoe na tanuri, kisha ipashwe moto tena ili ilainike kabla ya kazi nyingine. Majivu yawe makavu kweli. Majivu yaliyonyeshewa ni maji.

304 ikirundikwa kwenye pipa na kupoa yenyewe, rundo huhifadhi joto na vipande hukaa muda mrefu kati ya nyuzi 450 na 850. Humo kaboni hujikusanya na kromi kwenye mipaka ya chembe. Hakuna ufa, na jicho halioni chochote mpaka kipande kiingie kwenye asidi. Hapo uso hutoka na rangi ya kijivu iliyofifia, unaparuza kidoleni, kana kwamba chembe zinadondoka. Ukiona hivyo usiilaumu asidi. Rudisha vipande kwenye nyuzi 1,040 hadi 1,120, vipate moto hadi moyoni, kisha vizamishe majini haraka, kimoja kimoja, si kapu zima. 304L na 316L, zenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, hazipati tatizo hili kirahisi.

Hatua ya 7: Kutoa magamba bila kuleta kasoro mpya

Kutu kwenye stenlesi iliyofuliwa vizuri mara nyingi ni kutu ya chuma kingine: brashi ya waya wa kawaida, risasi za chuma za mashine ya kupulizia, au diski iliyokuwa ikisaga geti asubuhi. Vumbi la chuma hubaki limejichomeka na kuanza kutu lenyewe. Pulizia kwa shanga za kioo au alumini oksaidi mpya, brashi iwe ya stenlesi, na diski za stenlesi zipakwe alama na kufungiwa sanduku lake.

Asidi ya chumvi, ile inayouzwa ya kusafishia vigae, isikaribie stenlesi. Inatoa magamba kweli, na inaacha mashimo ya sindano. Wanaofanya kazi hii ipasavyo hutumia mchanganyiko wa asidi ya naitriki na kiasi kidogo cha haidrofloriki, na hii ya pili si ya kuchezea: hupenya ngozi bila maumivu makali mwanzoni na kuidhuru mifupa. Pasipo glavu zinazofaa, kinga ya uso, hewa inayopita na jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi, peleka vipande kwa wenye vifaa. Hata kwao, muda ukizidi uso hulika na kuwa na mashimo. 420 isizamishwe humo, ipulizie.

Maji ya kusuuzia ni jambo ambalo karakana za pwani husahau. Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vina maji ya chumvi. Ukisuuza nayo na kuacha yakauke usoni, umepaka kloridi juu ya kipande ulichokisafisha kwa gharama. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya msuuzo wa mwisho.

Kujua kama kuna vumbi la chuma limebaki, lowesha kipande, kiache kikauke, rudia kwa saa 24, utazame madoa. Mmumunyo wa kopa salfeti hujibu ndani ya dakika sita kwa kuacha rangi ya shaba penye chuma huru, lakini usiutumie kwenye vipande vitakavyogusa chakula, wala kwenye 420.

Hatua ya 8: Kagua

Poda ya sumaku inafaa kwa 420. Kwa 304 na 316 haina maana. Tumia rangi ya kupenya. Kagua baada ya asidi, si mara tu baada ya kupulizia, kwa kuwa kupulizia nako hugongelea midomo ya nyufa. Safisha, kausha, pulizia rangi nyekundu, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo (usimwage dawa ya kufutia moja kwa moja, itanyonya rangi kutoka kwenye ufa), kisha pulizia unga mweupe. Tazama mara moja, na tena baada ya dakika kumi. Nukta zilizojipanga mstari mmoja zihesabiwe kama ufa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya 9: Sasa shika grinda

Umeshaandika chanzo, umeshakirekebisha, na vipande vipya vinatoka safi. Vile vyenye kasoro ya kina kifupi vinaweza kuokolewa ikiwa mteja na mchoro wanaruhusu. Saga kwa mguso mwepesi. Uso ukigeuka bluu umeuchoma, na bluu hiyo lazima iondolewe kwa msasa au asidi. Fanya bonde pana lenye miteremko ya taratibu, lisiwe mtaro. Osha, weka asidi kidogo ili kufungua mdomo, rudia rangi ya kupenya, na usipokuta kitu, pima unene uliobaki kwa vernia na uulinganishe na mchoro. Ukipungua, kipande ni cha chakavu, hata kama kinang'aa namna gani.

Kimoja kati ya vile vyenye kasoro kisisagwe. Kitoboe tundu, kifungie waya, andika tarehe, namba ya nondo na moto uliotumika, kining'inize ukutani karibu na tanuri.